Uzoefu Usiopungua Miaka Mitano

Mimi tangazo la kazi ya chuo nalijua kwa harufu. Nikisoma mistari miwili tu nakuambia kama kiti kiko wazi kweli au mwenyewe keshajulikana, anangoja kufutiwa vumbi akae. Kitivoni kwetu mchezo huo una jina lake: kushona. Mkubwa anamtaka mpwa wake, basi tangazo linapimwa mwilini mwa mpwa, mabega, kiuno, hadi urefu wa mkono. Kuna mwaka tulitangaza nafasi ya mhadhiri mwenye shahada ya hisabati, aliyewahi kutafiti utagaji wa kuku, na mwenye leseni ya pikipiki. Nani mwingine huyo duniani? Akaomba mtu mmoja, akapata mtu mmoja, na pikipiki yake mpaka leo inaegeshwa chini ya dirisha langu, inanipigia kelele kila asubuhi.

Kwa hiyo siku kibali cha kuajiri kilipofika idarani kwetu, idara ya takwimu, niliapa hili letu halishonwi. Kibali cha mhadhiri mmoja tu, wa kudumu, baada ya miaka chungu nzima ya kuambiwa hakuna. Mkuu wa idara alituita watu wawili tumsaidie kuandika tangazo, mimi na Profesa. Mkuu wa idara tunamwita Tutaona, kwa sababu hilo ndilo jibu lake. Ukimwambia paa linavuja, tutaona. Ukimwambia umefiwa, atakupa pole, halafu ukiomba ruhusa, tutaona. Si mtu mbaya. Ni mtu ambaye hajawahi kukataa jambo wala kulikubali, na kwa njia hiyo amefika mbali.

Na mimi? Wanafunzi wananiita Kengele. Wanadhani sijui. Ni kweli ninasema sana na nasema kwa sauti, lakini nikiwa na haki sioni kwa nini ninong'one.

Sasa, nisijifanye malaika. Nilipoapa kwamba tangazo litakuwa la haki, kuna mtu nilikuwa namfikiria, na kila mtu idarani alikuwa anamfikiria. Mama Pacha. Mwalimu wetu wa muda. Alikuja kutushikia somo moja mwenzetu alipokwenda likizo ya uzazi, na tangu hapo hajaondoka, maana kila muhula kunatokea pengo, na kila pengo linaitwa Mama Pacha. Mwaka wa kwanza wote, yale madarasa makubwa ya watu mpaka madirishani, ni yake. Wale wanaochukia hesabu, wanaokuja na nyuso kama wamepelekwa jela, yeye ndiye anayewafundisha wastani ni nini na kwa nini unaweza kukudanganya. Pacha wake amewabeba tumboni akifundisha, amewanyonyesha kwenye stoo ya vifaa vya ofisi huku mimi nimesimama mlangoni kama askari. Shahada ya uzamivu ameisoma hivyohivyo, akiruka kutoka darasani kwenda maktaba. Na miaka yote hiyo, miaka tisa, anafundisha kwa barua ya muhula mmoja. Muhula ukiisha barua imekufa, anangoja nyingine.

Mwaka huu alikuwa hana tena nafasi ya kungoja. Mumewe, fundi wa mitambo ya maji, alihamishiwa mji wa mbali, mji usio na chuo hata cha kushona nguo. Walikubaliana hivi: Mama Pacha akipata kazi ya kudumu, familia inabaki na baba atakuwa anakuja na kurudi. Asipopata, muhula ukiisha wote wanahama na yeye kufundisha ndiyo basi. Aliniambia mwenyewe, tumekaa kwenye benchi la nje ya ofisi yangu tukila karanga.

"Dada, hii ni ya mwisho. Sitaki kuja kusema nilionewa. Iandikeni vizuri tu, mimi nitapambana."

"Nikuandikie wewe?" nikamtania. "Awe mama wa mapacha, mfupi, anayekula karanga za wenzake?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Hapana bwana. Andikeni kazi yenyewe. Kazi yenyewe naijua."

Basi tukakaa kuandika. Chumba chetu cha mikutano kina meza moja ndefu ambayo mguu wake mmoja umeinuliwa kwa karatasi za mitihani ya zamani, na feni inayozunguka ikitaka yenyewe. Tutaona alikaa kichwani. Profesa alikuja na rasimu yake mfukoni, keshaiandika nyumbani. Akaisoma kwa sauti ya kuhutubia. Mwombaji awe na uzamivu kutoka chuo cha nje kinachotambulika. Umri usizidi miaka thelathini na tano. Machapisho yasiyopungua matano kwenye majarida ya kimataifa. Awe mchangamfu, mwenye kujituma, anayeweza kufanya kazi chini ya shinikizo.

"Shinikizo la nani?" nikauliza.

"Ndivyo matangazo yanavyoandikwa."

"Sijauliza yanavyoandikwa. Nimeuliza shinikizo la nani. Kama tuna shinikizo hapa si tuliondoe, kuliko kumtafuta mtu wa kulibeba?"

Tutaona akakohoa. Nikajua nimekwisha kuanza, sasa nimalize. Nikamuuliza Profesa huyo mtu akija Jumatatu atafanya nini. Si sifa zake, kazi yake. Atafundisha masomo gani, darasa la watu wangapi, atasahihisha nini, atasimamia wanafunzi wa utafiti au hapana? Profesa akasema hayo anayajua kila mtu. Nikamwambia hayajui mtu. Mtu aliyeko mbali, anayesoma tangazo kwenye simu, hajui chochote, anaona "mchangamfu" na "shinikizo" anadhani tunatafuta mhudumu wa baa.

Mistari hiyo tuliivuta siku mbili. Umri niliung'oa, maana takwimu hazichezwi kwa magoti. Chuo cha nje niliking'oa, ingawa Profesa alinuna mpaka chai ikapoa. Tukaandika masomo yenyewe kwa majina, ukubwa wa darasa, kwamba anayekuja atafundisha mwaka wa kwanza kuliko kitu kingine. Tukaandika usaili utakuwaje, na kwamba kutakuwa na somo la majaribio mbele ya wanafunzi. Nikasema tuandike pia nani wa kumuuliza swali, ofisi ya utumishi na namba yake ya simu. Tutaona akasema, "Tutaona," nikaandika mbele ya macho yake, hakusema zaidi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa machapisho. Profesa alishikilia matano. Mama Pacha alikuwa na moja na nusu, lile nusu likiwa bado kwa mhariri. Lakini sikusema jina lake, hata mara moja. Nilisema, "Profesa, kazi hii ni kufundisha. Mtu anayefundisha madarasa makubwa hivi miaka nenda rudi anaandika saa ngapi? Wanaoandika ni wale waliopewa muda. Tukidai machapisho matano tunawadai watu muda ambao hatukuwapa. Tudai ufundishaji. Uzoefu wa kufundisha chuo kikuu usiopungua miaka mitano. Hicho ndicho tunachokihitaji, basi tudai hicho."

Profesa akanitazama juu ya miwani. "Na wewe unashona, Kengele."

Alinichoma. Kulikuwa na kaukweli. Lakini nikamjibu, na mpaka leo naamini nilimjibu sawa. "Ningekuwa nashona ningeandika miaka tisa. Miaka mitano anayo kila mwalimu wa kweli. Waje wote."

Feni ikakumbuka kazi yake ikazunguka. Halafu Profesa, sijui alichoka au alishawishika, akasema haya, liwe hilo, machapisho yawe ya nyongeza. Tutaona akaweka sahihi haraka kabla hatujabadili mawazo. Nilitoka pale nimevimba kichwa. Nilishinda, jamani! Katika chuo kile kushinda jambo kwa maneno matupu ni sawa na kupata maji ya bomba wiki nzima mfululizo. Tangazo likatoka gazetini na kwenye tovuti, na watu wa idara nyingine wakanipigia simu kunipongeza, kwamba kwa mara ya kwanza wamesoma tangazo la chuo wakaelewa kinachotakiwa. Mmoja aliniomba nakala akaige.

Mama Pacha akaomba. Kuomba siku hizi ni kwenye mfumo wa kompyuta, unajaza visanduku, unabandika vyeti. Alifanya kila kitu mwenyewe. Mimi nilikaa mbali makusudi, sikutaka mtu aje kusema.

Niliposikia tena habari ile, nilikuwa nasahihisha. Mlango haukubishwa. Mama Pacha aliingia na simu mkononi akaniwekea mezani juu ya karatasi za watoto wa watu. Ujumbe ulikuwa mfupi. Ndugu mwombaji, tunakushukuru, hata hivyo hukukidhi vigezo vya nafasi uliyoomba. Sababu: uzoefu wa kufundisha.

Nikausoma, nikaurudia. Nikasema, "Hawa wamekosea. Huu mfumo umekosea. Kaa hapo."

"Dada..."

"Kaa hapo, nimesema. Nakwenda utumishi."

Ofisi ya utumishi iko jengo la utawala, juu kabisa, na sikumbuki nilipandaje ngazi. Afisa utumishi ni kijana wa watu mpole, anavaa shati lililopigwa pasi vizuri, na sauti yake haipandi hata ukimtukana. Watu wa namna hiyo wananimaliza nguvu. Nilimwambia mfumo wake ni mbovu, umemtupa nje mtu ambaye ndiye uzoefu wenyewe, kwamba uzoefu ungekuwa na miguu ungetembea na viatu vya Mama Pacha. Akanisikiliza hadi nikaishiwa pumzi. Halafu akanivutia kiti.

"Mfumo haukumtupa, mama. Nimemtoa mimi."

"Wewe?"

"Nilisoma maombi yake yote. Hana barua ya ajira."

"Ana barua kumi na kitu! Kila muhula anayo barua!"

"Nimeziona." Akageuza kompyuta nione. Zilikuwa pale, moja baada ya nyingine, na kila moja imeanza vilevile: Unaalikwa kufundisha. Unaalikwa. Unaalikwa. Afisa akaniambia taratibu, kama daktari anavyomweleza mgonjwa, kwamba katika kanuni za utumishi za chuo uzoefu maana yake ni utumishi wa ajira, wa kudumu au wa mkataba. Mwalimu wa muda si mwajiriwa. Kwa vitabu vyao ni mgeni mwalikwa, anayekuja kusema neno kisha anakwenda zake. Hahesabiwi mwaka, hahesabiwi mwezi.

"Mgeni gani anakaa miaka tisa?" nikasema. Sauti yangu ilikuwa imeshuka yenyewe.

"Mngeandika maneno matatu tu," akasema. "Mngeandika 'ikiwemo ya muda'. Uzoefu wa kufundisha usiopungua miaka mitano, ikiwemo ya muda. Kanuni inaruhusu idara kuongeza hivyo. Idara ya lugha huandika kila mara. Mimi nilishangaa hamkuandika. Nikadhani mmeamua."

Kwetu hakuna aliyejua. Tutaona hakujua, Profesa hakujua, mimi mwenye mdomo sikujua. Sisi sote watatu tuliajiriwa zamani, tukiwa vijana, tukapewa barua zetu nene za kudumu tukaziweka kwenye makabati. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kualikwa. Tulimwona Mama Pacha kila siku akifundisha, tukadhani kufundisha ni kufundisha.

"Basi ongeza sasa," nikamwambia. "Ongeza hayo maneno. Andika marekebisho."

Akatikisa kichwa, na namna alivyotikisa nilijua amekwisha lifikiria kabla yangu. "Siwezi, mama. Tangazo limeshatoka na muda wa kuomba umefungwa. Nikimhesabia yeye, kuna wengine. Walimu wa muda wa vyuo vingine, walisoma tangazo, wakapiga simu ile mliyoiweka, wakauliza kama wanahesabiwa. Niliwajibu hapana. Hawakuomba. Sasa hao nikawaambie nini? Kwamba kwa mtu wenu tulilegeza?"

Angekuwa amekula rushwa ningemrarua. Angekuwa mjinga ningemfundisha. Lakini alikuwa anasema maneno yangu mwenyewe, yale niliyompigia Profesa meza nayo. Haki kwa wote. Waje wote. Namba ya simu niliing'ang'ania mimi.

"Tutangaze upya," nikasema, lakini kwa unyonge.

Kibali kinakufa na mwaka wa fedha, akasema. Kutangaza upya lazima baraza la chuo likae, na baraza halikai mpaka kibali kimekwisha kufa. Tukirudisha nafasi, haturudishiwi. Akanishika mkono nilipokuwa nainuka. "Samahani sana, mama." Na alikuwa anamaanisha, hilo ndilo lililonitoa machozi kwenye ngazi.

Nilikwenda kwa Tutaona. Nikamweleza yote nimesimama. Aliweka kalamu chini, akajishika paji la uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema tutaona. Alisema, "Ah, yule dada," basi. Aliinua simu kumpigia mkuu wa kitivo, wakaongea, nikasikia "ndiyo, ndiyo, naelewa," akaiweka. Profesa naye nilimfuata. Nilitegemea atanicheka. Hakucheka, aliniuliza, "Kwani yule hajaajiriwa? Nilidhani ni wetu."

Jioni nikaenda nyumbani kwa Mama Pacha. Jambo kama hilo huwezi kulisema kwa simu. Mumewe alinifungulia, akanikaribisha, "Karibu shemeji," nikapita katikati ya maboksi. Alikuwa ameanza kufunga vyombo. Wale pacha walikuwa wamekaa ndani ya boksi moja tupu la televisheni, wanaliendesha. Mama Pacha alikuwa jikoni anachambua mchele, na aliponiona uso hakuniuliza lolote, alisogeza kigoda.

Nikamweleza. Maneno matatu. Sikuzunguka mbuyu. Nilimwambia kwamba nilipigania ule mstari kwa ajili yake na ndio mstari uliomtoa, kwamba hakuna aliyekusudia, na hakuna wa kumshitaki.

Alichambua mchele. Akatoa jiwe, akalitupa. "Kwa hiyo ningekuwa na machapisho matano kama alivyotaka Profesa..."

"Huna matano."

"Sina," akakubali. "Kwa hiyo kote nilikuwa natoka."

"Nipige tu, mdogo wangu. Nitajisikia nafuu."

"Nikupige kwa nini, dada? Ulitaka mema." Halafu akasema kwa hasira, lakini hasira yake si kwangu, "Afadhali wangeniambia sijui kufundisha! Hilo ningelisikia. Hilo ningelifanyia kazi. Lakini wananiambia sijafundisha!"

Mumewe alikuwa amesimama mlangoni na utepe wa gundi mkononi, hajui aendelee kufunga maboksi au aache. Aliacha kidogo, kisha akaendelea, maana lori la mwisho wa muhula lilikuwa limeshapangwa. Niliondoka bila kula.

Sikujitoa kwenye kamati ya usaili. Nilitaka kujitoa, nikafikiri nikijitoa itasaidia nini, ataingia mtu mwingine atakayewauliza watu kama wana leseni ya pikipiki. Walipita mchujo watu wanne. Watatu nawasahau hata nyuso. Wa nne alikuwa kijana mmoja mrefu, mwenye aibu, ambaye niliwahi kumfundisha mwaka wa mwisho. Alimaliza kwetu, akachukuliwa kuwa mkufunzi wa kudumu kwenye chuo kimoja kidogo, akasoma huko huko mpaka uzamivu. Utumishi wake ulikuwa miaka mitano na ushee, na barua ya ajira nzuri kama cheti cha ndoa.

Nilimngoja avurunde. Ndiyo, nasema wazi, nilimwombea avurunde kwenye somo la majaribio. Tulimpa wastani na mtawanyiko, yaani namba zinavyotapakaa kuuzunguka wastani, mbele ya darasa la mwaka wa kwanza, limejaa. Akasimama mbele pale, akaweka chaki chini, akawauliza wanafunzi warefu na wafupi wasimame. Akawapanga ukutani. Akawaambia watafute nani ni wastani, wakacheka, wakabishana, na kabla ya nusu saa darasa zima lilikuwa linaelewa kitu ambacho wengine wanakitafuta muhula mzima. Nilikuwa nimeliona somo lile. Niliwahi kuliona mara nyingi, kupitia dirisha, likifundishwa na mwanamke mfupi anayesimama juu ya kiti ili awafikie warefu.

Tukarudi kwenye meza yetu ya mguu mmoja mbovu. Tutaona, Profesa, mimi, na afisa utumishi akiwa katibu. Ilibaki kusikia wadhamini, wale watu watatu ambao kila aliyepita mchujo huwataja ili ofisi iwaandikie na kuwauliza wanamjuaje. Afisa akafungua barua za yule kijana. Ya kwanza, ya bosi wake. Ya pili, ya msimamizi wake wa utafiti. Ya tatu alipoifungua alisita, akanitazama mimi, akatazama chini, akaisoma.

Ilikuwa ya Mama Pacha. Ofisi iliyomtoa ilikuwa imemwandikia kumwomba maoni, na alikuwa amejibu kwa ukurasa mzima. Alisema alimfundisha kijana huyu mwaka wa kwanza alipokuwa anataka kuacha chuo. Alisema ana subira, hamdhalilishi asiyejua, na kwamba akikosea mbele ya darasa husema nimekosea. Alisema tukimpata tusimwelemee na madarasa yote ya mwaka wa kwanza peke yake, tumpe na nafasi ya kuandika. Mwishoni alisema, kwa nafasi mliyoitangaza, huyu anafaa.

Profesa alikuwa ameinamisha kichwa. "Barua nzito," akasema. "Huyu mdhamini wa tatu, kwa ajili ya kumbukumbu, ana sifa gani ya kupima ufundishaji wa mtu?"

Lilikuwa swali la kawaida, linaulizwa kila usaili. Hakuunganisha. Jina halisi la Mama Pacha hakuwahi kulijua. Na afisa utumishi alijibu vilevile kikawaida, mkono ukiwa tayari juu ya kitufe cha kuandika.

"Amefundisha hapa miaka tisa."

"Inatosha kabisa," akasema Profesa. "Andika."

Na ikaandikwa. Mimi nilikuwa pale. Ningesema nini? Kijana alistahili. Barua ilikuwa ya kweli. Miaka tisa ilikuwa ya kweli. Tukapiga kura, mikono minne juu, na wangu ukiwemo.

Nilimkuta Mama Pacha kwenye ukumbi wa mwaka wa kwanza, baina ya kipindi na kipindi, anafuta ubao. Alisikia viatu vyangu.

"Kijana wangu kapata?"

"Kapata." Kisha nikashindwa kujizuia. "Kwa nini ulimwandikia? Walikutoa wao, na ukawaandikia!"

Akageuka. "Aliniomba kabla sijatolewa, dada. Tena wakati huo hakujua na mimi nimeomba. Na barua ya utumishi ilipokuja, niseme nini? Kwamba hajui kufundisha? Si nimemfundisha mimi." Akapiga dasta mkononi, vumbi likaruka. "Waliisoma mpaka mwisho?"

"Neno kwa neno."

"Hakuna aliyeuliza huyu anayeandika ni nani?"

Ningeweza kusema hapana. Nilikuwa na muda wa kusema hapana.

"Profesa aliuliza."

"Wakamjibuje?"

"Utumishi walimjibu kwamba umefundisha hapa miaka tisa."

Alinitazama kama hakusikia vizuri. "Utumishi? Walisema tisa?"

"Tisa. Na imeandikwa kwenye kumbukumbu."

Akakaa kwenye benchi la mbele la wanafunzi, pole pole, na dasta bado mkononi. Alianza kucheka, na kicheko hakikufika mbali kikageuka, akajifunika uso kwa mkono wenye chaki. Nilikaa karibu yake. Nilimshika bega, likawa linatikisika chini ya kiganja changu, na huko nje kipindi kilikuwa kimefika, wanafunzi walikuwa wameanza kujaa mlangoni, wanachungulia, hawajui waingie au warudi.

Alijifuta, chaki ikambaki shavuni. Akasimama.

"Waambie waingie, dada," akasema. "Leo tuna mtawanyiko, na hawa bado hawaujui."

Nikaenda mlangoni nikawaambia waingie.